Kiyoyozi Kinapodondosha Maji Ndani: Namna ya Kuzibua Bomba Lake na Kukomesha Uvujaji

Tone moja linatoka kwenye kona ya kiyoyozi, linafuata ukuta na kuacha mstari wa kahawia kwenye rangi. Siku ya kwanza unafuta kwa kitambaa. Siku ya tatu umeshatega beseni. Wiki haijaisha, mtu anakwambia gesi imekwisha, uongeze. Usikimbilie huko. Maji yanayodondoka ndani kutoka kwenye kiyoyozi mara nyingi hayahusiani na gesi hata kidogo. Ni maji ambayo mashine ilitakiwa kuyatoa, imeyatoa, ila yamekosa njia ya kupita. Njia hiyo unaweza kuikagua na kuizibua mwenyewe kwa saa moja au mbili, bila kugusa mirija ya gesi wala nyaya.

Nitaeleza zaidi kiyoyozi cha ukutani chenye sehemu mbili, moja ndani na moja nje, kwa sababu ndicho kilicho katika nyumba nyingi. Vile vinavyofichwa darini nitavigusia baadaye, maana vina mambo yao.

Maji yanatoka wapi

Ukifungua kifuniko cha kifaa cha ndani utaona koili: mirija ya shaba iliyopita katikati ya vibati vyembamba vya alumini vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Mashine ikifanya kazi, koili hupoa hadi karibu nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi. Hewa ya chumba ikipita hapo, mvuke uliomo hugeuka matone, kama glasi ya maji baridi inavyotoa jasho ikiwa mezani. Matone huteremka juu ya vibati, huangukia trei nyembamba iliyo chini ya koili, kisha huingia kwenye mpira wa maji, ambao ndio bomba tunalolizungumzia, unaopenya ukuta na kutokea nje.

Kwa hiyo maji yenyewe si kasoro. Kukausha hewa ndiyo kazi iliyoizaa mashine hii. Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji kule Brooklyn, New York, kero ya mwenye kiwanda ilikuwa unyevu: karatasi zilitanuka na kusinyaa, na rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine zikawa hazilingani. Ubaridi ulikuwa njia ya kuyatoa maji hewani.

Na maji hayo si haba. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) katika hewa yenye unyevu mwingi kinaweza kutoa lita moja au zaidi kwa saa. Kikiwaka usiku kucha, ni ndoo ndogo nzima. Trei haikutengenezwa kuyahifadhi, ni mfereji tu wa kuyapitisha. Ndiyo maana bomba likiziba jioni, ukuta unaweza kuwa umelowa kabla hujalala.

Kumbuka pia kwamba kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakina pampu ya kusukuma maji. Maji yanatoka kwa kuteremka tu. Popote ambapo mpira umepanda, umebanwa au umeziba, ndipo yatakaposimama, na yakisimama yanarudi nyuma hadi kwenye trei, yanafurika, yanaingia chumbani. Ukilishika jambo hili utaweza kulifuatilia tatizo lolote la uvujaji kwa macho yako, bila kubahatisha.

Kabla hujashika bisibisi, tambua ni maji gani

Watu wengi hupoteza muda hapa. Wanazibua bomba ambalo halijaziba. Washa kiyoyozi kwa dakika 20 au 30, madirisha yakiwa yamefungwa, kisha toka nje ukatazame mdomo wa mpira wa maji.

Kama ndani kunadondoka na nje hakuna hata tone, bomba limeziba au limepinda kiasi cha kuzuia maji. Hiyo ndiyo hali ya kawaida zaidi, na hatua za hapa chini zinaihusu moja kwa moja.

Kama nje kunatiririka vizuri na ndani bado kunadondoka, tafuta kwingine. Huenda kifaa kimeinama upande usiofaa, trei imepasuka, kizibo cha trei kimeachia, au koili ni chafu kiasi kwamba matone yanakwama kwenye uchafu na kuanguka nje ya trei.

Maji yakimwagika kwa wingi baada ya kuzima mashine, au ukiona vipande vya barafu, koili ilikuwa imeganda. Bomba halina kosa hapo.

Matone yanayoning'inia kwenye vibao vya kuelekeza hewa, kidogokidogo, hasa mlango ukiwa wazi, ni umande tu. Hewa yenye unyevu inaingia chumbani na kugusa plastiki iliyopoa. Funga mlango, pandisha joto kidogo, litaisha.

Mashine ikikurushia vijitone usoni, tazama ile feni ndefu ya mviringo iliyo nyuma ya vibao. Ikiwa imejaa uchafu mweusi, inanasa maji na kuyatupa mbele. Wakati mwingine pia trei imejaa hadi maji yanaigusa feni, na hapo unarudi kwenye bomba lililoziba.

Ukuta ukilowa chini ya tundu la mabomba, mbali kidogo na kifaa, shuku sponji inayofunika mirija ya shaba, au maungio ya mpira yaliyochomoka ndani ya ukuta. Lakini kwanza jiulize swali hili: je, hutokea siku za mvua tu? Tundu lililotobolewa likielekea ndani huleta maji ya mvua hadi chumbani kwa kufuata mabomba, na kiyoyozi hulaumiwa bure. Dawa yake ni kuziba tundu kwa nje na kuhakikisha mabomba yanashuka kidogo kabla ya kuingia ukutani, ili mvua idondoke pale chini.

Umeme kwanza

Zima breka ya kiyoyozi. Rimoti haitoshi, kwa sababu mashine iliyozimwa kwa rimoti bado ina umeme ndani. Baada ya kuzima breka, jaribu kuwasha kwa rimoti. Isipoitika kabisa, endelea.

Kama maji yameshafika kwenye soketi, au ulisikia harufu ya kitu kuungua, usiendelee. Acha breka ikiwa chini na mwite fundi. Na kifaa cha nje usikifungue kwa sababu yoyote katika kazi hii: ndani yake mna kapasita inayoweza kuhifadhi chaji hata baada ya umeme kukatwa, na hakuna sehemu yake inayohusika na bomba la maji la chumbani.

Andaa tochi, ndoo, vitambaa vikuukuu, bisibisi ya nyota, brashi laini, chupa ya nusu lita, siki nyeupe na ngazi imara. Kifaa kitakachokurahisishia kazi kuliko vyote ni mashine ya kuvuta vumbi iliyo ya aina inayoruhusiwa kuvuta na maji. Zile za vumbi peke yake zitaharibika na zinaweza kukupiga shoti.

Hatua ya 1: Anza na mdomo wa nje

Kabla hujafungua chochote ndani, nenda uangalie mpira unakoishia. Je, umezama kwenye tope? Umemezwa na nyasi? Umeingizwa kwenye ndoo au pipa la kukingia maji?

La pipa nalisisitiza, maana lilinipotezea nusu siku. Nilihangaika na kiyoyozi kilichovuja kila baada ya siku mbili au tatu, kisha kikapona chenyewe. Nilisafisha trei, nikazibua mpira, nikapima usawa wa kifaa. Kumbe mpira ulikuwa umetumbukizwa kwenye pipa. Pipa likijaa, mdomo unazama, hewa iliyo ndani ya mpira inakosa pa kutokea, na maji yanarudi chumbani. Mtu akichota, linapona. Mdomo wa mpira unatakiwa kuishia hewani, sentimita kadhaa juu ya ardhi au juu ya maji yoyote.

Ukiona kiota cha mdudu, buibui au donge la udongo mdomoni, litoe kwa kibano, lakini shughulika na kile unachokiona tu. Kama ncha ya mpira imekakamaa na kusinyaa kwa jua, ikate sentimita chache. Wakati mwingine ukishaunyanyua mdomo au kuukata, maji yaliyokuwa yamekwama yanabubujika yote kwa mara moja. Hilo likitokea umeshapata kisababishi, ila usiache kuusafisha mpira wote, kwa sababu maji yaliyosimama huacha ute nyuma yake.

Hatua ya 2: Vuta kutokea nje

Kinachoziba ndani ya mpira mara nyingi ni ute mzito wa kijivu au mweusi, laini kama jeli. Vumbi lililopita kwenye filta linakutana na unyevu, bakteria na ukungu wanastawi humo, wanajenga utando kwenye kuta za mpira, utando unanasa vumbi zaidi. Kitu laini cha namna hii hutoka vizuri kikivutwa.

Toa filta ya karatasi kwenye mashine ya kuvutia. Weka mdomo wa mashine kwenye mdomo wa mpira wa maji, zungushia kitambaa kilicholowa, na ushike kwa mkono hewa isipite pembeni. Vuta kwa dakika moja au mbili. Simamisha, tazama kilichoingia kwenye tangi, kisha rudia. Unatafuta hatua ambayo sauti inabadilika: mwanzoni mashine inalalamika kama iliyozibwa pumzi, kisha ghafla inasikika maji yakikimbia, halafu hewa tupu.

Ukikosa mashine hiyo, pampu ya mkono ya kunyonyea maji inafaa, au bomba la sindano kubwa la mililita 60 lililounganishwa na kipande cha mpira kinachobana. Kazi itachukua muda mrefu, lakini itafanyika. Usivute kwa mdomo. Najua wapo wanaofanya hivyo. Ute ule ni bakteria na ukungu, na ukiachia ghafla utaupata kooni.

Kwa nini kuvuta badala ya kupuliza? Ukipuliza kutoka nje, uchafu unarudi kwenye trei na kutapakaa chumbani. Ukitumia hewa ya kompresa yenye nguvu, ungio la mpira na trei, lililojificha nyuma ya kifaa, linaweza kuchomoka. Nje utaona hewa inapita, utadhani umemaliza, kumbe tangu siku hiyo maji yanamwagika ndani ya ukuta. Waya wa chuma nao ni hatari ileile. Mpira huu ni mwembamba na una mikunjomikunjo, ncha ya waya inautoboa bila wewe kuhisi, na tundu lililo katikati ya ukuta utaligundua rangi itakapoanza kubanduka.

Hatua ya 3: Fungua ndani, fikia trei

Inua kifuniko cha mbele, chomoa filta, zioshe kwa maji na sabuni kidogo, ziache zikauke kivulini. Kwa viyoyozi vingi, ganda zima la mbele limeshikwa na skrubu mbili au tatu zilizo karibu na vibao vya hewa, kila moja ikifichwa na kifuniko kidogo cha plastiki, na juu kuna kulabu. Fungua skrubu, vuta sehemu ya chini kuja kwako, kisha sukuma juu ili kulabu ziachie. Likigoma, usilazimishe: ipo skrubu uliyoiruka. Kabla ya kulitoa, piga picha nyaya zilivyokaa, kwa sababu baadhi ya maganda yana waya mdogo wa taa za kuonyesha.

Kama huna uhakika na hatua hii, unaweza kuiacha. Toa filta tu, kisha endelea kwenye hatua ya kumimina maji ukiyapitisha taratibu juu ya koili.

Ukilitoa ganda, funika kwa mfuko wa plastiki upande wenye bodi ya umeme. Mara nyingi uko mwisho wa kulia, ila tazama mashine yako. Mulika trei kwa tochi. Utakuta matope membamba, pengine na mabawa ya wadudu, yamejazana karibu na tundu la kutokea. Yafute kwa kitambaa au uyakusanye kwa brashi, usiyasukumie kwenye tundu. Vibati vya koili ni vikali na hukunjwa kwa kidole, kwa hiyo vaa glavu, na ukivipiga brashi fuata urefu wake, juu kwenda chini.

Hatua ya 4: Siki, si klorini

Changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe, kama mililita 250, na maji ya uvuguvugu ya kiasi hichohicho. Mimina taratibu kwenye trei, upande ulio karibu na tundu. Acha nusu saa. Asidi iliyomo hulegeza utando uliobaki na kupunguza ukungu. Kisha mimina lita moja ya maji safi, polepole, ili siki isibaki ikila chuma.

Maji yaliyochemka usitumie. Plastiki ya PVC huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 80, na ungio lililolegea haliambii mtu.

Dawa za klorini za kung'arishia nguo zinapendekezwa sana, na mimi sizikubali ndani ya kifaa cha ukutani. Trei iko sentimita chache tu kutoka kwenye koili, klorini hula alumini na shaba, na harufu yake inapuliziwa watu waliolala. Lakini la kukatazwa kabisa ni kuchanganya. Klorini ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu, na ikikutana na dawa zenye amonia hutoa gesi nyingine ya sumu. Kama mtu alishamimina klorini kabla yako, suuza kwa maji mengi na usitie siki siku hiyo.

Hatua ya 5: Pima kwa chupa

Jaza chupa ya nusu lita. Mwenzako asimame nje na chombo kitupu chini ya mdomo wa mpira. Mimina maji kwenye trei taratibu, kwa dakika moja hivi. Nje yaanze kutoka upesi, na yatiririke mfululizo hadi yaishe.

Yakitoka kwa mshindo, yakasimama, yakatoka tena na mlio wa gululu, kuna hewa iliyonaswa mahali mpira ulipopanda na kushuka. Yakitoka kama uzi mwembamba, kizuizi bado kipo, rudi hatua ya pili.

Sasa rudisha yale yaliyokingwa kwenye chupa uone. Kidogo kitapungua kwa kubaki kwenye trei na kwenye mikunjo ya mpira. Mimina chupa ya pili baada ya ya kwanza, na hapo yanayoingia na yanayotoka yakaribiane. Yakipungua sana tena, na sakafu ni kavu, maji yanaishia ndani ya ukuta. Hiki kipimo cha chupa mbili hakigharimu chochote, na kinakwambia jambo ambalo jicho haliwezi kuliona.

Bomba liko wazi, mbona bado linavuja?

Hapa tatizo si uchafu tena, ni namna kifaa kilivyofungwa. Nimeona kesi nyingi za namna hii kwenye mashine mpya kuliko kuukuu.

Angalia mteremko. Mpira unatakiwa kushuka angalau sentimita moja kwa kila mita, bila kupanda popote. Ufuate kwa mkono kuanzia ukutani hadi mwisho. Ukikuta umelegea na kufanya tumbo, pale maji yanasimama na uchafu unatua, na utazibua kila baada ya miezi michache usipoufunga vizuri kwa klipu. Ukikuta umerushwa juu ya bomba jingine kisha ukashuka, ushushe. Wakati wa kufunga, mpira huu huviringishwa kwa tepu pamoja na mirija ya shaba. Unatakiwa kuwa chini ya mirija, kwa sababu ukiwa juu, mirija huuinua kwenye kona na tepu huubana. Kifaa cha ndani kinachosukumwa kwa nguvu ukutani pia huweza kuukunja mpira nyuma yake, mahali usipoweza kuona.

Kisha weka pima maji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, juu ya kiyoyozi. Kiwe sawa, au kiinamie kidogo sana upande wa tundu la kutolea maji. Kikiinamia upande mwingine hata kwa sentimita moja, trei inafurika kona ya pili huku bomba likiwa safi. Skrubu za bamba la ukutani hulegea kwa miaka, hasa ukuta ukiwa laini.

Trei nyingi zina matundu mawili, kulia na kushoto, ili fundi achague upande. Lisilotumika huzibwa kwa kizibo cha mpira. Fundi akihamisha upande na asikikandamize kizibo hadi mwisho, maji yatadondoka kona ileile siku zote, kwa kiasi kilekile. Kikandamize, au kibadilishe kama kimekauka.

Na pale mpira unapoungwa na bomba lingine: kipande cha juu kiingie ndani ya cha chini, kamwe si kinyume chake. Kipande cha chini kikiingia ndani ya cha juu, ncha yake inakuwa kizingiti, na kila tone linatafuta mwanya wa pembeni.

Barafu na jasho

Filta iliyojaa vumbi huzuia hewa. Koili ikikosa hewa ya kutosha inapoa chini ya sifuri, inaganda, barafu inaziba hewa zaidi. Ukizima, barafu yote inayeyuka kwa pamoja na kuanguka hata nje ya trei. Usiigonge. Weka mashine kwenye hali ya feni tu, tandaza vitambaa, isubiri iyeyuke yenyewe. Safisha filta na koili, kisha washa upoozaji.

Ikirudi kuganda wakati filta ni safi, koili ni safi na feni inavuma vizuri, hapo ndipo gesi inapoingia kwenye mazungumzo. Hata hivyo, gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka kwenye mirija iliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayetaka kuongeza bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache, na gesi ya R32 iliyo kwenye mashine nyingi mpya inaweza kushika moto, kwa hiyo kazi hiyo mwachie mwenye vifaa na mafunzo.

Mirija ya shaba isiyo na sponji hutoa jasho kama koili, na mpira wa maji unaopita darini kwenye joto hutoa jasho pia. Ivishe sponji isiyopitisha hewa, ziba mshono wote kwa tepu. Mwanya wa sentimita mbili unatosha kudondosha maji usiku kucha.

Vya darini

Kiyoyozi cha darini mara nyingi kina pampu ndogo ya kuinua maji na swichi inayoelea. Maji yakipanda kwenye trei, swichi inazima mashine. Kwa hiyo mashine iliyojizima yenyewe siku ya joto kali inaweza kuwa inakuokoa na mafuriko. Usiiunganishe swichi hiyo moja kwa moja ili iendelee kufanya kazi. Safisha trei, hakikisha kielea kinapanda na kushuka bila kukwama, mimina maji na usikilize kama pampu inaanza.

Vile vya mifereji ya hewa vina kona ya umbo la U kwenye bomba. Feni inapovuta hewa kupitia koili, inavuta hata kupitia bomba, na maji yaliyotulia kwenye kona hiyo ndiyo yanayoizuia hewa. Kona ikikauka baada ya miezi ya kutotumika, hewa inapanda na kuyashikilia maji kwenye trei. Mimina maji humo kabla ya msimu wa joto. Na ukiona bomba la pili, lililotokezwa makusudi juu ya dirisha, limeanza kudondosha, ujue lile la kwanza limeziba. Limewekwa pale ili ulione.

Baada ya hapo

Osha filta kila wiki mbili hadi nne, kulingana na vumbi. Kazi hii moja inapunguza ute, barafu na bili ya umeme kwa pamoja. Pita nje mara moja kwa mwezi mashine ikiwa inafanya kazi, uone kama inadondosha. Mwanzoni mwa msimu wa joto rudia chupa ya nusu lita. Ukitaka kuzuia wadudu, elekeza mdomo wa mpira chini na ufunge wavu wa matundu makubwa. Wavu wa matundu madogo sana huzibwa na ute uleule. Maji yanayotoka yanafaa kupigia deki na kumwagia choo, lakini si ya kunywa wala kupikia, kwa kuwa yamepita kwenye vumbi na chuma.

Ukimaliza kuzibua, rudisha ganda na filta zilizokauka, pandisha breka, washa mashine, bandika karatasi kavu ukutani chini ya kifaa, na utege ndoo nje usiku mmoja. Asubuhi, ndoo ikiwa na maji na karatasi kavu uliyoibandika chini ya kifaa ikiwa bado kavu, kazi imekamilika. Ukuta uliolowa uache ukauke vizuri, hata kama ni wiki kadhaa, kabla ya kuupaka rangi. Ukiupaka mapema rangi itafanya malengelenge, nawe utadhani kiyoyozi kimeanza kuvuja tena.